Mwacheni Mzee Ayumbe

Mtu akishavuka miaka sabini, familia humwekea sheria ambazo hakuna aliyeziandika lakini kila mmoja nyumbani anazijua. Asipande ngazi. Asichote maji. Asiende dukani peke yake. Akishika ufagio ananyang'anywa, akiinuka wajukuu wawili wanamrukia, mmoja kila kwapa, na akifika msibani kiti kinamtangulia hata kabla hajaitikia shikamoo. Akiuliza sababu, jibu ni lile lile: "Pumzika, bibi, usije ukaanguka."

Yote hayo ni heshima, na mimi sina ugomvi na heshima. Ugomvi wangu ni na dhana iliyojificha ndani yake, kwamba mwili wa mzee ukiondolewa kila kinachoutikisa utakuwa salama. Dhana hiyo wanayo watoto, wanayo majirani, wanayo hata baadhi ya watumishi wa afya, ambao wakiletewa mzee aliyeanguka humpa dawa ya maumivu na wosia wa kutulia. Utafiti wa zaidi ya miaka thelathini unasema kinyume. Mzee anayekingwa asiyumbe hata mara moja ndiye anayesogezwa karibu na kuanguka. Na kumyumbisha kwa kipimo, hata kwa kumsimamisha juu ya kitu laini kisichotulia, ni sehemu ya kinga yake.

Najua linavyosikika. Kumpandisha mama wa miaka sabini na tano juu ya godoro la sifongo, kwa makusudi, ili apepesuke! Ukilisema mbele ya mashangazi utafukuzwa sebuleni. Ndiyo maana inafaa twende polepole.

Hofu yenyewe ina msingi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Kati ya majeraha yasiyo ya kukusudia, ni ajali za barabarani tu zinazoua watu wengi zaidi. Katika kila watu 100 wenye miaka 65 na kuendelea, 28 hadi 35 huanguka angalau mara moja kwa mwaka. Mary Tinetti na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliwafuatilia kwa mwaka mzima watu 336 wenye miaka 75 na zaidi. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1988 yalionyesha kwamba asilimia 32 walianguka. Wengi wa wanaoanguka hujiinua na kujipangusa vumbi. Lakini anayevunjika shingo ya paja mara nyingi harudi kutembea kama alivyokuwa akitembea, na kwa familia isiyo na fedha za upasuaji, kitanda anacholazwa siku hiyo kinaweza kuwa cha mwisho.

Kwa hiyo sibishani na anayeogopa. Nabishana na dawa anayoitoa.

Tuangalie kwanza watu wanaangukaje. Sisi, mzee akianguka, swali la kwanza huwa "Aliteleza wapi?" Tunatafuta maji sakafuni, ganda la ndizi, zulia lililokunjika. Stephen Robinovitch na wenzake wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, hawakuuliza, walitazama. Waliweka kamera katika sehemu za pamoja za makazi mawili ya wazee huko British Columbia, wakakusanya video za matukio 227 ya watu 130 wakianguka, kisha mwaka 2013 wakachapisha walichokiona katika jarida la Lancet. Kuteleza kulisababisha asilimia 3 tu. Kujikwaa, asilimia 21. Chanzo kilichoongoza, kwa asilimia 41, kilikuwa kuhamisha uzito wa mwili vibaya: mtu anageuka, anajinyoosha kuchukua kitu, anaketi, anainuka, na uzito wake unatoka nje ya nyayo kabla miguu haijaufuata. Wapo walioanguka wakiwa wamesimama tu. Wapo walioanguka wakiwa katika tendo lile lile tunalowasihi walifanye, la kuketi.

Hao walikuwa wazee wa makazi ya uangalizi, dhaifu kuliko bibi anayelima bustani yake Lushoto, kwa hiyo asilimia hizo si za kubebwa nzima nzima hadi kila nyumba. Lakini zinatosha kuitia shaka imani yetu katika kiti. Hakuna anayekaa asiinuke. Atainuka usiku kwenda msalani, atainuka kupokea simu, atainuka kumfukuza kuku aliyeingia sebuleni. Uzito utahamishwa tu, tupende tusipende. Kinachobaki ni kama miguu yake itakuwa imezoea kuufuata.

Na miguu husahau haraka. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha katika jarida la JAMA majaribio waliyofanya na kikundi kidogo cha watu wenye afya nzuri, wastani wa umri miaka 67, ambao walikubali kulala kitandani siku 10 mfululizo. Kwa siku hizo walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Siku kumi! Sisi tunao wazee waliokalishwa miaka kumi, na tunashangaa kwamba wakishikwa mkono wanatetemeka.

Kuna hasara nyingine isiyopimwa kwa mizani. Mzee anayeambiwa kila siku kwamba ataanguka huanza kutembea kama mtu anayeamini hivyo: hatua fupi, magoti yamekakamaa, macho yamebandikwa chini, mkono ukipapasa ukuta. Akitembea hivyo hachoki tu mapema, bali anapoteza pia uwezo wa kujinusuru, kwa sababu mtu hujinusuru kwa hatua ndefu ya haraka na hatua hiyo ameiacha. Anapunguza kutoka. Anapopunguza kutoka anazidi kudhoofu, na siku akianguka familia inasema, "Si tulisema?" Walisema, ndiyo, na kusema kwao kulikuwa na mkono wake katika jambo lenyewe.

Sasa tuingie kwenye sifongo.

Mwili wa binadamu hausimami tuli hata siku moja. Hata ukijiona umetulia, unayumba kidogo mbele na nyuma, na muda wote unajirekebisha. Taarifa za kujirekebisha zinatoka sehemu tatu. Nyayo, vifundo na misuli ya miguu hueleza ardhi ikoje na kiungo kimekunjwa kiasi gani. Macho hueleza wima uko wapi. Na ndani kabisa ya sikio kuna mifereji mitatu ya nusu duara pamoja na vijifuko viwili, vyenye chembe za vinyweleo vinavyohisi kichwa kinazunguka au kinainama kuelekea upande gani. Kwa mtu mzima mwenye afya aliyesimama kwenye sakafu ngumu penye mwanga, Fay Horak, mtafiti wa Oregon aliyebobea katika somo hili, anakadiria kwamba miguu huchangia asilimia 70, sikio 20, na macho 10.

Umri hupunguza vyote vitatu, ila haupunguzi kwa mpangilio. Mmoja mtoto wa jicho amemtangulia. Mwingine macho yake ni mazima lakini kisukari kimekula neva za nyayo, hahisi tena kokoto chini ya kandambili. Sikio nalo linapoteza vinyweleo vyake mwaka hadi mwaka bila maumivu, na mwenyewe hana habari. Katikati ya karne ya 19 Moritz Romberg, daktari wa Berlin, alieleza habari za wagonjwa ambao kaswende ilikuwa imeharibu njia za hisi katika uti wao wa mgongo: wakifumbua macho walisimama, wakifumba walipepesuka. Kwa macho walikuwa wameziba pengo la miguu, na hawakujua mpaka macho yalipofungwa. Jaribio hilo bado linafanywa hospitalini hadi leo, na halihitaji kifaa chochote.

Mwaka 1986 Horak na mwenzake Anne Shumway-Cook waliongeza kitu. Walimsimamisha mtu juu ya sifongo nene, mara macho yakiwa wazi, mara yakiwa yamefumbwa, mara kichwa kikiwa ndani ya kuba waliyoitengeneza kwa taa ya karatasi ya Kijapani ili macho yaone kitu kinachoyumba pamoja na kichwa. Sifongo inaharibu taarifa za nyayo. Mguu unazama, kifundo kinacheza, na ujumbe unaofika kwenye ubongo hauaminiki. Hapo ubongo hufanya kama msikilizaji wa redio aliyeingiliwa na makelele, anageuza kitufe kutafuta stesheni nyingine: anasikiliza zaidi sikio, anasikiliza zaidi macho. Wapo wanaogeuza haraka. Wapo ambao kitufe chao kimeshika kutu, na hao ndio wanaoanza kuanguka juu ya sifongo ingawa sakafuni walionekana wazima.

Sifongo, basi, ilianza kama kipimo. Kutoka kupima hadi kufunza palikuwa na hatua moja tu, maana uwezo wa kubadilisha tegemeo ni ustadi, na ustadi hunolewa kwa kutumiwa. Mzee ambaye kutwa nzima anakanyaga vigae vilivyonyooka, penye taa, mkono ukiwa kwenye ukuta, hapati nafasi ya kuutumia hata mara moja. Lakini maisha hayamwachi hivyo. Umeme ukikatika, macho yameondoka. Akikanyaga mchanga wa ufukweni, matope ya masika au godoro la mjukuu, nyayo zimedanganywa. Akigeuza kichwa ghafla kuitika jina lake, sikio limevurugwa. Siku hiyo ubongo wake unaombwa kufanya jambo ambalo haujalifanya kwa miaka, katika nusu sekunde, bila mtu wa kumdaka.

Pingamizi la kwanza nitakaloletewa ni lile la kukata tamaa: uzee hauna dawa, mfupa mkavu haurudi ubichi. Mfupa ni sawa. Misuli na neva ni habari nyingine. Mwaka 1990 Maria Fiatarone alichapisha matokeo ya kuwafanyisha mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu wazee 10 wa Boston wenye umri wa miaka 86 hadi 96, wiki 8. Nguvu zao za miguu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Kama misuli ya mtu wa miaka tisini inaitika namna hiyo, sijui tunatoa wapi ujasiri wa kumwambia wa miaka sabini kwamba wakati wake umepita.

Na kuhusu kuanguka kwenyewe, ushahidi si wa jaribio moja wala mawili. Catherine Sherrington wa Sydney na wenzake walijumlisha, katika mapitio ya Cochrane ya mwaka 2019, majaribio 108 yenye washiriki 23,407 kutoka nchi 25. Mazoezi yalipunguza maanguko kwa asilimia 23. Pale yalipokuwa ya kujisawazisha pamoja na matendo ya kila siku, asilimia 24; yalipochanganywa na mazoezi ya nguvu, takriban asilimia 34. Mapitio yao mengine ya mwaka 2017 yalionyesha jambo ambalo ndilo moyo wa hoja yangu: programu zilizomweka mzee katika ugumu halisi wa kujisawazisha, kwa zaidi ya saa 3 kwa wiki, zilipunguza maanguko kwa asilimia 39. Zile za upole, ambapo mtu anainua mikono akiwa amekaa kitini huku wimbo unapigwa, hazifiki huko. Ni burudani nzuri, na nisingependa zifutwe, ila zisiitwe kinga.

"Lakini babu hutembea kila asubuhi hadi msikitini na kurudi." Hongera kwake, moyo wake na sukari yake vinamshukuru. Kwa upande wa kuanguka, mapitio hayo hayo ya Cochrane hayakupata uhakika kwamba kutembea peke yake kunapunguza chochote. Na haishangazi. Kutembea mbele kwenye njia unayoijua, kwa mwendo ule ule, hakuuulizi mwili swali jipya. Programu ya Otago ya New Zealand, iliyojaribiwa kwanza kwa wanawake wenye miaka 80 na zaidi na kuchapishwa mwaka 1997, iliuliza maswali: kutembea kinyumenyume, kutembea kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, kuzunguka kwa umbo la nane, kusimama kwa mguu mmoja, kuinuka kitini bila mikono, vizito vikiwa vimefungwa vifundoni. Majaribio yake yalipojumlishwa, maanguko yalikuwa yamepungua kwa takriban asilimia 35. Mtaalamu alikuwa akimfuata mzee nyumbani kwake, akimwongezea ugumu kadiri anavyoweza. Hakuna mashine iliyonunuliwa.

Hilo la mashine linanipeleka kwa kundi la pili ninalolipinga, ingawa wanadhani niko upande wao. Katika kumbi za mazoezi za mijini, kuanzia Masaki hadi Westlands, utakuta mapira nusu, mbao za kubembea na mito ya mpira iliyojazwa hewa, na mwalimu kijana atakayekuhakikishia kwamba mama akisimama juu ya hivyo mara mbili kwa wiki, kazi imekwisha. Ubao wa kubembea una historia yake. Uliingia katika tiba kupitia kazi ya daktari Michael Freeman na wenzake wa Uingereza mwaka 1965, waliokuwa wakitibu vifundo vya watu vilivyoteguka na kubaki vikilegea. Kifundo kilichoteguka ni tatizo moja. Mzee anayeanguka msalani ni tatizo jingine.

Tena kuna ushahidi unaowaumbua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, mwaka 2015 waliwafunza vijana wenye afya kujisawazisha katika zoezi moja, kisha wakawapima kwa mazoezi mengine yaliyofanana nalo. Vijana walikuwa wameboreka katika lile walilofunzwa, na karibu hapo tu. Mtu anayejifunza kusimama juu ya pira nusu anakuwa hodari wa kusimama juu ya pira nusu. Kwa bahati mbaya hakuna mtaa wenye mapira nusu.

Je, hiyo haiibomoi hoja yangu ya sifongo? Ingeibomoa kama ningedai kwamba sifongo ina baraka ndani yake. Sidai hivyo. Ninachodai ni kwamba mwili hujifunza kile unachofanyishwa, na kwa hiyo mzee afanyishwe yale yatakayompata. Yi-Chung Pai wa Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago, aliliendea jambo hili moja kwa moja: aliwafunga wazee mikanda ya usalama iliyoning'inizwa darini, kisha akawafanya wateleze bila taarifa, mara 24 katika kikao kimoja. Matokeo ya mwaka 2014, yenye washiriki 212, yalionyesha kwamba katika miezi 12 iliyofuata, walioanguka katika kundi lililotelezeshwa walikuwa asilimia 15, na katika kundi jingine asilimia 34. Kikao kimoja tu. Walichofundishwa hakikuwa kusimama imara. Walifundishwa kupoteza uimara na kuurudisha.

Mfano ninaoupenda zaidi, hata hivyo, ni wa mawe. Watafiti wa Oregon, wakiongozwa na Fuzhong Li, walivutiwa na desturi ya Wachina ya kutembea kwenye njia za kokoto za mtoni. Wakatengeneza mikeka yenye uso wa mawe hayo, wakachukua watu 108 wenye miaka 60 hadi 92, nusu wakatembea juu ya mikeka, nusu wakatembea kawaida, kwa wiki 16. Waliotembea juu ya mawe walipata usawa bora wa mwili na utendaji bora kuliko wenzao, na presha yao ilishuka zaidi. Muda ule ule na miguu ile ile. Tofauti ilikuwa ardhi.

Hapa msomaji wa pwani atanikatiza: hayo si ndiyo maisha ya wazee wetu? Bibi aliyekwenda kuokota chaza maji yakiwa yamekupwa, akikanyaga mwamba, mwani na mchanga. Mvuvi anayeingia mtumbwini kila alfajiri. Mkulima anayeruka tuta hadi tuta. Ndiyo, kwa kiasi. Lakini sitaki kuanza ngonjera za zamani palikuwa pazuri. Njia hizo hizo zimewavunja watu miguu, na aliyevunjika kijijini mwaka 1960 hakuandikwa popote. Ninachosema ni kidogo zaidi: tumehama kutoka mkekani hadi kwenye sofa, kutoka udongo hadi vigae, kutoka choo cha kuchutama hadi cha kukaa, na kila uhamaji ulimpunguzia mzee zoezi ambalo hakujua kuwa ni zoezi. Tazama kuinuka kutoka chini. Anayeswali mara tano kwa siku akiwa sakafuni huinuka kutoka sijida mara nyingi kuliko mteja wa jimu anavyochuchumaa. Mwenye ruhusa ya kuswali kitini kwa ugonjwa anayo na hakuna wa kumsuta. Ila wapo wanaoletewa kiti na watoto wao kabla goti halijalalamika, na siku wakianguka chumbani hawajui tena namna ya kuinuka kutoka sakafuni.

Wapo watakaosema: basi tuondoe hatari nyumbani, yatosha. Hili nalikubali kwa nusu. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2023 yalionyesha kwamba kurekebisha nyumba, yaani taa, vishikizo vya msalani, ngazi zenye kingo zinazoonekana, hupunguza maanguko kwa asilimia 26, na kwa wale walio katika hatari kubwa asilimia 38. Funga vishikizo, tena leo. Lakini kwa wazee wasio katika hatari kubwa mapitio hayo hayakuona faida, na hata mwenye nyumba nzuri kuliko zote hutoka kwenda sokoni, hospitali na mazishini, ambako hakuna aliyemfungia vishikizo. Vivyo hivyo macho: upasuaji wa mtoto wa jicho wa jicho la kwanza, katika jaribio la Uingereza la mwaka 2005 lililohusisha wanawake wenye zaidi ya miaka 70, ulipunguza maanguko kwa asilimia 34. Anayehitaji upasuaji huo afanyiwe kabla ya kufikiria sifongo. Na anayemeza vidonge vya usingizi amwulize daktari kama bado vina kazi.

Pingamizi zito kuliko yote ni hili: akianguka katika zoezi lenyewe? Ni haki kuuliza, na jibu lake liko katika namna ya kufanya. Aliyewahi kuzirai, anayesikia kizunguzungu akisimama, aliyepata kiharusi, aliyevunjika karibuni au ambaye nyayo zake zimekufa ganzi kwa kisukari, asianze nyumbani. Aanze mbele ya mtaalamu wa fiziotherapia, na huyo mwenye ganzi asikanyage mawe peku kabisa, maana atakatika asijue. Wengine wanaanzia sakafuni, si kwenye sifongo. Mzee asimame kwenye kona, kuta mbili zikiwa nyuma yake, kiti kizito mbele yake, mgongo wa kiti ukiwa karibu na mikono. Miguu pamoja. Kisha mguu mmoja mbele nusu hatua. Kisha kisigino mbele ya vidole. Kisha mguu mmoja. Akifika sekunde 10 bila kushika, ageuze kichwa kulia na kushoto, kisha afumbe macho, na hapo ndipo ataona kwamba lile alilolimudu limekuwa gumu upya. Sifongo inakuja baada ya hapo, ikianzia na blanketi lililokunjwa mara mbili, halafu kipande cha godoro kisichozidi unene wa kiganja, na ngazi nzima inarudiwa kutoka chini. Mazoezi ya nguvu yaende sambamba, kuinuka kitini bila mikono likiwa la kwanza, kwa kuwa sikio likitoa taarifa sahihi na paja halina nguvu ya kuitekeleza, taarifa haina kazi.

Sekunde 10 za mguu mmoja hazikuchaguliwa kwa kubahatisha. Claudio Gil Araújo na wenzake wa Rio de Janeiro waliwapima hivyo watu 1,702 wenye miaka 51 hadi 75, na mwaka 2022 wakaripoti kwamba mmoja kati ya watano alishindwa, na walioshindwa walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 84 katika miaka ya ufuatiliaji, hata baada ya kuhesabu umri na maradhi yao. Haina maana kwamba kusimama mguu mmoja kunarefusha maisha. Ina maana kwamba ni kioo cha mengi, na kinaweza kutazamwa na yeyote, jikoni, maji yakichemka.

Dalili kwamba kiwango ni sahihi ni kuyumba. Akisimama kama nguzo, hajifunzi kitu, aongezewe ugumu. Akishika kiti kila sekunde, apunguziwe. Katikati ya hapo, pale anapopepesuka na kujirudisha mwenyewe, ndipo kazi inapofanyika, na ndipo familia inapopata shida kubwa, kwa sababu kila mkono nyumbani unataka kumdaka. Mjukuu asimame umbali wa mkono, viganja vikiwa wazi, asimguse. Akimshika kwapa, uzito umehamia kwa mjukuu na vifundo vya bibi vimepumzika. Dakika 30 au zaidi kidogo kwa siku, siku sita za wiki, zinafikisha zile saa 3, na si lazima ziwe za mfululizo: nyingine ni za kuswaki kwa mguu mmoja, nyingine za kwenda kinyumenyume koridoni mkono ukiwa karibu na ukuta, nyingine za kurudishiwa ule ufagio.